Barua ya wazi kutoka Mbeya: Msihesabu taasisi tu, pimeni kinachopita kati yake

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
kwa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH),
na kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Mbeya. Naandika kuhusu kipimo. Nchi yetu hupimwa kila baada ya muda, na yenyewe hujipima, ili ijulikane sayansi, teknolojia na ubunifu vimefikia wapi. Wapimaji huhesabu watafiti, machapisho, hataza (haki za uvumbuzi zilizosajiliwa), maabara, wahitimu wa uhandisi na fedha zilizotumika. Zamani ripoti za namna hiyo zingeweza kukaa kabatini bila kumgusa fundi kama mimi. Sasa hali imebadilika. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Dodoma Julai 2025, imeitaja sayansi na teknolojia, pamoja na utafiti na maendeleo, miongoni mwa vichocheo vyake vikuu. Kitakachoandikwa kwenye tathmini ndicho kitakachotengewa bajeti. Kisichoandikwa kitasahaulika.

Ombi langu ni moja, na mengine yote humu yanalifafanua. Mkija kupima, msiishie kuhesabu taasisi. Pimeni kinachotoka taasisi moja kwenda nyingine, na kinachotoka huko kikafika shambani na karakana. Hapo katikati ndipo kazi nyingi nzuri zinapofia, na hapo sijaona mtu akipeleka rula.

Mimi ni fundi sanifu wa mitambo. Nilisoma Chuo cha Ufundi Mbeya kabla hakijawa chuo kikuu, nikaajiriwa kwa muda, kisha nikafungua karakana yangu hapa mjini. Tunaunda mashine za kupukuchua mahindi, za kukatakata majani ya mifugo na za kukamua alizeti. Wateja wanatoka Mbozi, Chunya, Makambako, wengine mpaka Sumbawanga. Sina shahada wala siombi kuitwa mtafiti. Ila kila msimu nakaa katikati ya watu wa maabara na watu wa shamba, na ninaona ni nini kinafika na ni nini hakifiki.

Mtu akiwa Dodoma akafungua orodha, Nyanda za Juu Kusini tunaonekana matajiri. Uyole kuna kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kinachojulikana nchi nzima kwa maharage, mahindi na viazi mviringo. Chuo nilichosoma, kilichoanza 1986, kikawa taasisi ya sayansi na teknolojia 2005 na chuo kikuu 2012, ndicho hiki Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, cha leo. Kuna kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kuna VETA ya mafunzo ya ufundi, kuna SIDO, shirika la viwanda vidogo ambalo kitaifa lipo tangu 1973. Iringa kuna Mkwawa, chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005, na vyuo vikuu vya binafsi. Mbimba kule Mbozi wanatafiti kahawa, Mufindi wanatafiti chai na misitu. Kwa orodha hiyo tungekuwa mbali sana. Lakini kuhesabu taasisi bila kuuliza zinapelekeana nini ni sawa na kuhesabu mafiga bila kuuliza kama ugali umeiva.

Anzeni na mbegu, maana ndiyo kazi ya sayansi ambayo hata bibi kijijini anaijua. Uyole imetoa mahindi chotara ya UH6303 na UH615. Imetoa maharage ya Uyole 96 na Njano Uyole. Kupata chotara mmoja wa mahindi si kazi ya msimu. Mtafiti anachavusha mistari ya wazazi, yaani koo za mahindi, kwa mkono, kizazi baada ya kizazi, mpaka tabia zake zitulie. Kisha anajaribu michanganyiko, anaipanda kwenye miinuko tofauti na mvua tofauti, na TOSCI, wadhibiti wa ubora wa mbegu, nao wanaipima kabla haijaidhinishwa. Hiyo ni miaka mingi ya maisha ya watu, wengine wanastaafu kabla hawajaona mwisho wake. Mbegu ikiidhinishwa, kwenye ripoti inaandikwa kwamba aina moja mpya imetolewa, na kalamu inawekwa chini.

Mkulima hapandi cheti cha kuidhinishwa. Baada ya pale mtafiti lazima azalishe kiasi kidogo cha mbegu za wazazi, zizalishwe mbegu za msingi, kisha kampuni au Wakala wa Mbegu za Kilimo, ASA, azalishe zilizothibitishwa. Shamba la mbegu linatengwa mbali na mahindi mengine. Mistari ya jike inakatwa mbelewele kabla hazijamwaga chavua, na siku chache za kuchelewa zinatosha kuharibu shamba zima. Halafu zisafishwe, zitiwe dawa, zifungashwe, zifike duka la pembejeo kabla mvua za Novemba hazijaanza. Kila hatua ina mwenyewe, na kila mwenyewe ana wizara au bodi yake. Matokeo yake mkulima wa Mbozi anaingia dukani Oktoba, anakuta mifuko ya mbegu za kampuni za nje imepangwa mpaka darini, na ile iliyozaliwa Uyole, mwendo wa saa chache kutoka shambani kwake, haijafika. Sizisemi vibaya mbegu za nje, nyingi zinazaa vizuri na wenzetu hao wamejipanga. Ninachosema ni kwamba tathmini inayoishia kwenye kuidhinishwa imepima mwanzo wa safari na kuuita mwisho.

Viazi mviringo vinauma zaidi. Kule Umalila, Makete na Njombe mkulima anauza vikubwa, vilivyobaki vidogo ndivyo vinavyokuwa mbegu ya mwaka unaofuata. Ugonjwa wa mnyauko unarithishwa humo humo, mwaka hadi mwaka, shamba hadi shamba. Wengi huvuna chini ya tani 10 kwa hekta mahali ambapo mbegu safi na matunzo mazuri vingetoa zaidi ya 25. Namna ya kuzalisha mbegu safi inajulikana, na watu wa kuifanya wapo. Kinachokosekana ni wingi wa mbegu hiyo na njia ya kuifikisha kijijini kwa bei ambayo mtu wa gunia tano anaimudu. Kwenye jedwali la kimataifa hakuna safu ya jambo hilo. Wekeni safu hiyo nyinyi.

Kwa nini taasisi hazipelekeani? Sidhani ni uvivu. Watu ninaowafahamu Uyole na vyuoni wanafanya kazi mpaka jioni. TARI iko chini ya Kilimo, NIMR chini ya Afya, SIDO chini ya Viwanda na Biashara, MUST na VETA chini ya Elimu, misitu chini ya Maliasili. COSTECH ilianzishwa kwa Sheria Na. 7 ya 1986, ikichukua nafasi ya Baraza la UTAFITI lililokuwepo tangu 1968, na kazi yake kubwa ni kuyaratibu haya yote na kuishauri serikali. Lakini fedha hushuka kwa mlango wa kila wizara, na mkuu wa kituo hupimwa kwa kilichomo ndani ya uzio wake. Mwisho wa mwaka hakuna anayemuuliza umepokea nini kwa jirani yako na wewe umempa nini. Swali hilo moja likiingia kwenye upimaji wa utendaji wa wakuu wa vituo, nina hakika simu zitaanza kupigwa kati ya Uyole na Iyunga, kilipo MUST, hata kabla ya fedha mpya kutolewa.

Sasa niwaeleze jambo la karakana, kwa sababu ndilo ninalolijua kwa mikono.

Huku kwetu mahindi mengi hupukuchuliwa kabla hayajakauka sawasawa. Juni na Julai ni baridi, ukungu wa asubuhi unachelewa kuondoka, na mzazi ana ada ya shule. Punje yenye unyevu ikipigwa na meno ya mashine hupasuka. Punje iliyopasuka ni mlango wa ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu. Mnunuzi naye akiona punje zimevunjika anakata bei hapo hapo. Mashine nyingi zinazoingizwa nchini zimeundwa kwa mahindi makavu ya nchi nyingine. Kwa hiyo kila fundi wa ukanda huu amekuwa akihangaika na tatizo hilo kimya kimya, kila mtu kwenye kona yake, kwa kubahatisha.

Mwaka mmoja nililetewa mwanafunzi wa uhandisi kutoka chuo kimoja cha ukanda huu, aje kwa mafunzo ya vitendo. Kijana alikuja na kifaa cha kupimia mizunguko, akaazima kipimo cha unyevu, akaniomba tupukuchue kwa mafungu: makavu, ya kati, mabichi. Kila fungu alihesabu punje zilizopasuka na kuandika. Baada ya wiki chache alinionyesha kwa namba kile ambacho mkono wangu ulikuwa unakihisi tu. Kasi ya dramu, nafasi kati ya meno na chekeche, na unyevu wa punje vinakwenda pamoja. Ukigusa kimoja lazima uguse na kingine. Tulibadilisha puli ili kasi ishuke. Tukaunda chekeche linaloweza kusogezwa kwa bolti mbili, mkulima mwenyewe aweze kulirekebisha shambani kwa spana moja. Mashine tunayouza leo ni ile.

Kijana aliandika ripoti, akapewa alama nzuri, ripoti ikabaki chuoni. Yuko Dar es Salaam sasa, anafanya kazi isiyohusu mashine kabisa. Hakuna mtu wa chuo aliyewahi kuja kuuliza ile kazi iliishia wapi. Hakuna mtu wa kiwanda wala wa kilimo aliyewahi kuisoma. Waheshimiwa, pale sayansi, teknolojia na ubunifu vilikutana kweli, kwenye sakafu yenye mabaki ya chuma na makapi ya mahindi, na havimo kwenye takwimu za mtu yeyote.

Nimesoma kwamba dunia ina mwongozo wa kuhesabu utafiti, unaoitwa mwongozo wa Frascati kwa jina la mji wa Italia ulikoandaliwa. Ulianza 1963, na toleo la 2015 linasema kazi ihesabiwe kuwa utafiti na maendeleo ikiwa na sifa tano: itafute jambo jipya, itokane na wazo la ubunifu, matokeo yake yasiwe yanajulikana kabla, ifanywe kwa mpango na kumbukumbu, na iweze kurudiwa au kuhamishwa kwa mwingine. Nilizichukua sifa hizo nikaipima kazi yetu ya chekeche. Jipya lilikuwepo, kwa mashine zinazouzwa hapa hakukuwa na kitu kama kile. Wazo lilikuwa letu. Matokeo hatukuyajua mpaka tulipojaribu. Kumbukumbu zilikuwepo, ila kwa sababu tu kijana alikuja na daftari. Na kwa daftari lile fundi wa Tunduma angeweza kuirudia kazi yote.

Kwa hiyo kinachotutenga mafundi na hesabu za utafiti ni daftari. Karakana za Mwanjelwa, za Makambako na za Ipogolo zinafanya majaribio kila siku: kubadili pembe ya kisu, kujaribu chuma cha springi ya lori badala ya shiti laini, kupunguza mtikisiko wa shafti. Kazi hiyo haiandikwi, na isipoandikwa haihesabiwi, na fundi akifariki inakwenda naye.

Angalieni matokeo yake kwenye namba. Takwimu za UNESCO za mwaka 2010 zinaonyesha kwamba katika fedha zote zilizotumika Tanzania kwa utafiti na maendeleo, mchango wa sekta ya biashara ulikuwa asilimia 0.1. Karibu asilimia 42 zilitoka nje ya nchi, na zilizobaki zilikuwa karibu zote za serikali. Ile 0.1 haijanitoka kichwani tangu nilipoiona. Sehemu yake ni kweli kabisa, viwanda vyetu vikubwa vinanunua teknolojia kuliko kuitafiti. Sehemu nyingine ni upofu wa kipimo. Chuma ninachoharibu kila mwaka kwa kujaribu ninakinunua kwa fedha yangu, na hakuna dodoso lililowahi kuniuliza ni cha shilingi ngapi.

Mtaniambia hataza ndizo zinazoonyesha ubunifu, na fundi anaweza kusajili. Sheria ya hataza tunayo tangu 1987, na BRELA, wakala wa usajili, wapo. Lakini chekeche letu lilinakiliwa ndani ya msimu mmoja. Nililiona kwenye karakana ya mtu mwingine, limechomelewa vizuri, bolti mbili pale pale. Liliniuma, sitaficha. Halafu nikaona bei ya mashine za aina ile imeanza kushuka, na wakulima wa Vwawa wanachagua kati ya mafundi kadhaa. Kwenye jedwali la hataza Mbeya imepata sifuri. Kwenye ghala la mkulima punje zimepungua kuvunjika. Kipimo cha nchi inayoendelea lazima kione hilo la pili: kitu kipya kimeenea karakana ngapi, kwa muda gani, na bei imekwenda wapi.

Na kwa aliyebuni kuna njia nyingine ya haki. Serikali inunue mchoro. Fundi akithibitisha mashine yake ni bora, SIDO imlipe mara moja, mchoro uchorwe upya kwa vipimo sahihi, ugawiwe kwa karakana zote za mikoa hii. Aliyebuni anapata chake, wanaonakili wananakili kilicho sahihi badala ya kukisia, na nchi inabaki na kumbukumbu. Fedha hizo zikitoka kwenye Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, ambao upo tangu 1995, sioni nani atalalamika.

Ipo sehemu moja hapa Mbeya ambako mfumo umeunganika, nayo ni utafiti wa tiba. Kituo cha NIMR kilikua kutokana na ushirikiano na Chuo Kikuu cha Munich, Ujerumani, tangu miaka ya 1990, kikiwa bega kwa bega na hospitali ya rufaa. Kimeshiriki majaribio ya chanjo za VVU na ya dawa za kifua kikuu pamoja na nchi nyingine. Moja ya majaribio hayo, PrEPVacc, lilisitisha utoaji wa chanjo mwaka 2023 ilipoonekana kwamba hazikuwa na dalili ya kuzuia maambukizi. Wapo waliosema huku mitaani kwamba basi fedha zimepotea. Hapana. Kituo kinachoweza kuandikisha watu kwa ridhaa yao, kuwafuatilia bila kuwapoteza, kutunza sampuli, na kutangaza ukweli hata usipopendeza, hicho ni kituo cha sayansi. Uwezo huo ulijengwa kwa miaka mingi mfululizo na watu wale wale, bila mradi kufungwa kila baada ya miaka mitatu. Kama mnatafuta mfano wa kuigwa na kilimo na uhandisi, uko hapo karibu. Tofauti moja tu inanikosesha usingizi: sehemu kubwa ya fedha za kazi za namna hiyo hutoka nje, na anayelipa ndiye anayechagua swali la kutafitiwa. Ulaya haitatuletea swali la mahindi mabichi ya Julai.

Hapo ndipo ahadi ya asilimia 1 inapoingia. Mwaka 2007 Addis Ababa wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walihimizana kila nchi itenge walau asilimia 1 ya Pato la Taifa kwa utafiti na maendeleo. Takwimu za UNESCO za 2013 zilituweka karibu na nusu ya hapo. Naunga mkono kufika asilimia 1, na iwe fedha yetu. Ila ikija yote kwa milango ile ile ya wizara, tutapata nyuzio ndefu zaidi na njia kati yake zitabaki vile vile.

Njombe mnaijua habari yake. Aprili 2019 Rais John Magufuli, akiwa ziarani, aliwasifu hadharani wananchi wawili waliokuwa wamezalisha umeme wa maji kwa ubunifu wao wenyewe, akataka wasaidiwe. Tulifurahi sote. Lakini mito ya Njombe na Ludewa imejaa maporomoko, na umeme mdogo wa maji si jambo geni huko: Matembwe walianza miaka ya 1980 kwa msaada wa shirika la Kiitaliano la CEFA. Nauliza kati ya Matembwe na 2019 maarifa yale yalikwenda wapi. Nani alikuwa na kazi ya kuyatoa kijiji kimoja kwenda kingine? Fundi aliyetengeneza tabo, yaani gurudumu linalozungushwa na maji, kwa pangaboi la chuma chakavu anahitaji mtu wa kumpimia nguvu ya maji, wa kumweleza kibali cha Bodi ya Bonde inayosimamia maji ya mito, wa kumwonyesha waya salama ili asije akamuua jirani. Kazi hiyo ni ya siku zote, na haiwezi kungoja ziara ya Rais.

Suala la umbali nalo lazima niliseme, kwa ufupi. Nchi ilianzisha TIRDO 1979, TEMDO 1980 na CAMARTEC 1981 kwa ajili ya teknolojia ya viwanda na ya vijijini. Ya kwanza iko Dar es Salaam, mbili ziko Arusha. Ukanda unaolisha nchi mahindi hauna hata moja yenye makao yake huku. CAMARTEC ndio wanaopima zana za kilimo, kwa hiyo mashine iliyoundwa Mbeya ivuke nusu ya nchi ili ithibitishwe. Wengi hatuendi. Tunauza bila kuthibitishwa, benki inatuona wababaishaji, na halmashauri haiwezi kununua kwetu. Kuna ofisi moja ya umma niliyopeleka maombi ya kupimiwa mashine; jibu halijaja mpaka leo naandika. MUST ina wahandisi na ina karakana. Kipeni chuo hicho mamlaka ya kupima kwa niaba ya CAMARTEC na TBS, na fundi wa Njombe atakwenda asubuhi na kurudi jioni.

Maonesho tunayo, na yamefanya kazi nzuri ya kuwatia moyo vijana. MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, yalianza 2019 na yamewatoa watu ambao tusingewasikia. Nane Nane hapa Uyole, viwanja vya John Mwakangale, kila taasisi huleta kilicho bora. Mimi hupita banda hadi banda nikiandika. Tarehe 9 mabanda yanavunjwa, mashine zinapakiwa, na mwaka unaofuata nakutana na baadhi yake zikiwa zimepakwa rangi mpya, hazijawahi kufanya kazi shambani hata siku moja. Zihesabiwe hizo pia, na mtu aulize kwa nini.

Kwa hiyo, mtakapotuma wapimaji wenu, naomba yafuatayo yafanyike. Wachague vitu vichache vya ukanda huu, kwa mfano aina moja ya maharage, mbegu moja ya viazi, mashine moja, mtambo mmoja wa umeme wa maji, namna moja ya kukausha mbao za Mufindi, wavifuate kila kimoja tangu kilipoanza mpaka kilipofika au kilipokufa. Waandike kila meza kilikopita na kilikaa hapo muda gani. Waje Juni na Julai, wakati mashine zinafanya kazi, na waje karakana kabla ya kwenda kwenye ukumbi wa hoteli. Dodoso liwe la Kiswahili, na waulize gharama ya majaribio, waulize mlijifunza kwa nani, waulize mlimfundisha nani. Kila mwanafunzi wa uhandisi anayeletwa karakana aje na daftari la nakala mbili, moja ibaki kwa fundi na moja iingie kumbukumbu ya wazi ya COSTECH ambayo fundi mwingine anaweza kuisoma.

Na ripoti ikikamilika, msiizindulie mbali na sisi. Ileteni Uyole kati ya tarehe 1 na 8 Agosti, wakulima, watafiti na mafundi wakiwa uwanja mmoja. Someni kilichoandikwa kuhusu Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe kwa sauti, pamoja na majina ya vituo na meza ambako vitu vimekwama, kisha mtupe nafasi ya kusema ni wapi mmekosea kuhesabu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi sanifu wa mashine za kilimo,
Mbeya.